Mikwaruzo ya Barafu, Mikwaruzo ya Jembe

Nianze na kosa, maana nikianza na kitu kingine nitalizungushia maneno mpaka lipotee. Kwa karibu mwaka mzima nilipunguza maneno katika barua za mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, asiweze kusoma nilichoandika. Sikugusa mambo makubwa. Nilifuta tu kila mahali aliposema "sijui."

Yeye ni mwanajiolojia mstaafu, anaishi Mbeya. Mtu aliyekuwa akimwandikia ni mwanajiolojia mwenzake, mstaafu pia, anaishi Ufini, nchi ya kaskazini ambako maziwa ni mengi kuliko vijiji vya kwetu. Wameandikiana tangu wakiwa vijana, na habari yao ni moja: maziwa makubwa yalizaliwaje. Mimi nilikuwa mchapaji tu, na hakuna aliyeniomba niwe kitu kingine.

Tulikutana kwenye steshenari nilikokuwa nikifanya kazi, Sokomatola, mjini Mbeya. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule za msingi. Nilikuwa mzuri kwa kazi hiyo na nilikuwa tatizo vilevile. Nikimaliza ukurasa nausoma upya, nikiona mkato umekaa vibaya nauchapa tena, mteja amesimama anatazama saa. Bosi wangu, mama mpole asiyependa maneno mengi, aliwahi kuniambia, "Dada, huyu anataka tangazo la vifaranga. Hatuandiki Biblia hapa."

Sikusoma sana. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalinifanya nizime simu siku tatu. Baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kamusi moja ya Kiingereza ambayo kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimechanika, kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa dhaifu katika maneno yanayoanza na A. Aliyejifundisha mwenyewe hufikiri siku zote kwamba kuna somo moja ambalo watu wote walifundishwa siku aliyokuwa hayupo, na kwamba ipo siku watamuuliza hilohilo.

Siku hiyo ilionekana kuwa imefika pale mzee alipoingia na kurasa nne za Kiingereza, kwa mwandiko wake. Mistari ilikuwa imeteremka kuelekea kulia kama njia ya kwenda mtoni.

"Unaweza kusoma huu mwandiko, binti?"

"Naweza, mzee."

Sikuweza. Nilichapa nusu ukurasa kwa kubahatisha, nikakwama kwenye neno la kitaalamu ambalo sikuwahi kuliona. Nililitafuta kwenye simu chini ya meza, kama mtu anayekula darasani. Mzee alikuwa nyuma ya kiti changu.

"Umelipata?"

"Nimelipata, mzee. Ni kifusi. Mawe na udongo ambao barafu inasukuma mbele yake, halafu ikiyeyuka inauacha palepale."

"Nani amekufundisha?"

"Simu."

"Basi simu yako inasikiliza kuliko wanafunzi wangu," akasema, kisha akavuta kiti akakaa, na hakuondoka mpaka ukurasa wa nne ulipokwisha.

Wiki iliyofuata alirudi, na wiki iliyofuata tena. Mwishowe akaongea na bosi wangu, ikakubaliwa kwamba Jumanne na Jumamosi, baada ya saa nane mchana, nitakuwa nakwenda nyumbani kwake. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka na macho yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali walishamwambia atapasuliwa, ila sukari ishuke kwanza, na sukari haikuwa na haraka.

Nyumba yake iko upande wa mlima, mahali ambapo ukifungua mlango wa uani unakutana na miteremko ya Loleza. Mkewe alishafariki, watoto wako Dar es Salaam. Ndani kulikuwa na mawe kila mahali: dirishani, juu ya friji, moja limezuia mlango wa choo. Kila jiwe lilikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa lilikotoka. Mengi yalitoka Chunya na Makongolosi, alikofanya kazi ya serikali kwa miaka mingi, akitafuta mawe yenye dhahabu kwa ajili ya watu wengine. Chini ya kitanda kulikuwa na tranka, ile ya bati ya wanafunzi wa bweni, na ndani ya tranka ndimo zilimokuwa barua.

Aliniwekea utaratibu. Barua kutoka Ufini ilikuja kwa Kiingereza, nami nilimsomea kwa Kiswahili.

"Mbona Kiingereza unakijua, mzee?"

"Nakijua. Lakini ukinisomea kwa Kiingereza sitajua kama umeelewa. Utakuwa kama redio."

Naye alijibu kwa Kiswahili, mimi nikaweka Kiingereza. Aliniita karani wake. Alisema ulimi wake umechoka kuvaa tai.

Kwa hiyo nilijifunza jiolojia nikiwa nimeshika barua ya mtu mwingine. Yule wa Ufini aliandika kwamba zamani nchi yake yote ilifunikwa na barafu nene kupita mlima, na barafu hiyo haikukaa kimya. Ilikuwa ikitambaa. Ikabeba mawe tumboni mwake, ikayaburuta juu ya mwamba, ikachimba mabonde, na hali ya hewa ilipobadilika ikayeyuka na kuacha maji katika mashimo yake. Sikuelewa jinsi kitu kinachoyeyuka kwenye glasi kinavyoweza kuchimba ziwa. Nilimuuliza mzee, nikiwa nimeshajilaumu kwa kuuliza.

"Umewahi kuona njia ya ng'ombe kule Usangu?" akaniuliza. "Ng'ombe hana nia ya kuchimba. Anakwenda kunywa maji. Lakini anapita palepale, kila siku, na wenzake nyuma yake. Njia inazama, mvua inaingia, baada ya miaka unakuta korongo la kumficha mtu aliyesimama. Sasa chukua ng'ombe mmoja mwenye uzito wa mlima, mpe mawe chini ya kwato. Hiyo ndiyo barafu."

"Na mikwaruzo anayoitaja kwenye barua?"

"Yale mawe ya chini ya kwato. Yanachora mwamba mistari iliyonyooka, yote kuelekea upande mmoja. Ukiiona unajua barafu ilipita ikienda wapi. Mwenzangu anayo hadi nyuma ya nyumba yake. Anaitazama akinywa kahawa."

Hilo la mwisho alilisema kwa wivu kabisa. Ziwa lake yeye, Nyasa, halikuchimbwa na barafu. Ardhi ilipasuka na kuzama, maji yakaingia. Walipokuwa vijana, yule Mfini alikuja kupima ufuko wa Nyasa pamoja naye, akaugua malaria Kyela, mzee akamuuguza, na katika homa ile ndipo ubishi ulipoanzia: nani ana ziwa lenye asili ya ajabu zaidi. Hawakuonana tena. Lakini mzee alikuwa na karata moja. Zamani zaidi, kabla hata ya barafu ya Ufini, nchi hii yetu ilikuwa karibu na ncha ya kusini ya dunia, na ilikuwa na barafu yake. Mabaki yake yapo bonde la Ruhuhu, ng'ambo ya Milima ya Livingstone: mawe makubwa kwa madogo yaliyoshikana kwenye udongo bila mpangilio, kama kande. Mikwaruzo yenyewe kwenye mwamba wa nyanda za juu hakuwahi kuipata. Aliitafuta Iringa, aliitafuta Njombe, kila alikotumwa kwa kazi nyingine alikuwa akiinama kuitafuta.

Na barua zake zilijaa "sijui." Je, wakati barafu imefunika kwenu, ziwa letu lilishuka kiasi gani? Sijui. Mchanga ule wa Kyela uliletwa na mto gani? Sijui, nadhani, lakini sijui. Wakati mwingine aya nzima ilikuwa ni orodha ya mambo asiyoyajua, na aliisema taratibu, kwa raha, kama mtu anayemenya chungwa.

Mimi neno hilo lilinichoma. Shuleni tulikuwa na mwalimu ambaye ukijibu "sijui" unabaki umesimama mpaka kengele. Nilisimama sana. Najua rangi ya ukuta ule kuliko ninavyojua hesabu. Kwa hiyo mara ya kwanza, mzee alipolitaja mara tatu katika aya moja, niliondoa moja, nikajiambia ni kupunguza marudio tu. Mara ya pili niliondoa mbili. Baada ya hapo ikawa mkono unaruka wenyewe. "Nadhani ilikuwa hivi, ila sijui" ikawa "ilikuwa hivi." Nilichapa, nikasoma, nikaona barua imesimama wima, safi, ya mtaalamu. Niliona ninamtunzia heshima. Kalamu niliielekeza kwa kidole changu mahali pa sahihi, naye akaweka sahihi bila kuona.

Mwezi wa sita nilikwenda kwa bibi yangu, Kilolo, juu kutoka Ilula. Mimi nilikulia Iringa mjini na mama. Kwa bibi tulikwenda likizo ya Juni tu, wakati wa baridi na ukame. Karibu na mto wake kuna mwamba mpana wa kijivu ambao nimefulia nguo juu yake tangu utotoni. Siku hiyo nilikuwa nimesuuza shuka, nikamwaga maji, na jua la asubuhi likapita juu ya mwamba likiwa chini. Nikaiona. Mistari, mingi, imenyooka, yote kuelekea upande mmoja.

Nilikaa pale na shuka mbichi mapajani. Nikatoa simu, nikalinganisha na picha za mwamba wa Ufini. Nikapiga picha ishirini. Sikumwambia bibi, sikumwambia mtu. Nilirudi Mbeya nikiwa na siri iliyonifanya nisahau kula.

Mzee sikumwambia pia. Nilijidanganya kwamba ni kwa sababu hawezi kuona picha. Ukweli ni kwamba niliogopa atasema "sijui," na mimi nilitaka "ndiyo."

Halafu ikaja barua kutoka Ufini, fupi kuliko kawaida. Yule mwenzake alikuwa amelazwa kwa ajili ya moyo, ametoka, amekatazwa kubeba hata kikapu. Aliandika: "Kabla sijafunga daftari langu, niambie. Ile barafu yako ya zamani, uliwahi kuona mikwaruzo yake huko juu?"

Mzee aliomba nimsomee swali hilo tena. Kisha akasema niandike: "Sijaona. Nilitafuta sana, sikuona. Sijui kama haipo au ni mimi niliyepita bila kuiona."

Nilitazama maneno hayo. Yule mtu alikuwa anaumwa. Mimi nilikuwa na picha mfukoni. Nikaandika, kwa sauti ya mzee, kwamba mikwaruzo imepatikana katika mwamba wa Kilolo, kando ya mto, na kwamba hakuna shaka. Nilipenda sana sentensi ile ya "hakuna shaka". Niliipanga upya mara tano. Nikachapa picha moja kwenye karatasi nzuri ya picha, nikaitia ndani ya bahasha. Mzee akaweka sahihi mahali nilipomwelekeza. Jumatatu nikaipeleka posta, na nilitoka pale nikijiona mwema.

Mwezi wa kumi na moja mama alinituma nikamsaidie bibi kupanda, maana mgongo wake ulikuwa umekataa kuinama. Nilishuka basi Ilula kati ya ndoo za nyanya na vitunguu vilivyokuwa vikinyanyuliwa kwenye madirisha, nikapanda bodaboda hadi juu. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake asubuhi bibi alinipa majembe mawili na panga, akasema twende mtoni.

"Kufanya nini, bibi?"

"Kuvua samaki," akasema. "Kunoa, mwanangu. Kesho Jumapili mbegu na majembe yanakwenda kanisani kuombewa. Utampelekea Mungu jembe butu?"

Tulipofika, watu wa nyumba kama sita walikuwa wameshafika, na wote walikuwa wamezunguka mwamba wangu. Mtu mmoja alimwaga maji na mchanga kidogo. Walimsubiri bibi, kwa kuwa ni desturi yao kwamba mkubwa kuliko wote anaanza, na jembe la kwanza liwe la zamani kuliko yote. Bibi akapiga goti moja, akalaza ubapa wa jembe juu ya jiwe, akalivuta kuelekea kwake. Likatoa sauti ndefu. Akalivuta tena. Yote kuelekea upande mmoja.

"Bibi," nikasema, "huwa mnanolea hapa?"

"Sasa tunolee wapi?"

"Si kuna tupa dukani?"

"Tupa inaisha. Jiwe haliishi."

Mama mmoja jirani akacheka. "Huyu wako wa mjini anafulia nguo juu ya kinoo miaka yote, hajui ni kinoo."

"Anakuja Juni," bibi akanitetea. "Juni nani ananoa? Juni hata jembe lenyewe limelala."

Nilinoa majembe yote mawili. Mikono ilifanya kazi, kichwani nilikuwa posta, nikijaribu kuirudisha barua iliyokwisha fika. Jumapili mchungaji alipoombea mbegu na majembe, niliombea jambo jingine, na silisemi.

Niliporudi Mbeya nilipanga kumwambia mzee Jumanne. Jumanne alikuwa na mafua. Jumamosi nilikuwa nimeandika maneno ya kuungama kwenye karatasi, nikayaona yana sentensi dhaifu, nikasema nitayarekebisha. Jumanne iliyofuata nikayarekebisha. Hivyo ndivyo ninavyoogopa. Sikimbii, napiga pasi.

Barua ilinitangulia. Niliikuta kwa mzee, ameishika tayari.

"Karani, harufu ya posta hii. Soma."

Nikafungua. Nikapitisha macho haraka kabla ya kinywa, kama ninavyofanya siku zote, na nikaona imetaja picha. Kwa kuwa nasoma kwa Kiswahili, ningeweza kusoma chochote. Hakuna ambaye angejua. Nakiri kwamba nilifungua mdomo nikiwa na sentensi nyingine kabisa.

"Anasema amepona kidogo," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Ehe."

"Anasema picha yako ni nzuri sana."

Mzee akainua kichwa. "Picha gani?"

Hapo ndipo nilipoacha kutengeneza. "Mzee, naomba nisome mpaka mwisho, halafu unifukuze."

"Soma."

Nikasoma. Yule wa Ufini aliandika kwamba ameitazama picha kwa lenzi siku mbili. Mistari imenyooka, ndiyo, na inakwenda upande mmoja. Lakini mwamba umezama katikati kama tandiko la farasi, na mikwaruzo yote inaanza na kuishia umbali ambao mkono wa mtu unafika. "Barafu haivuti kitu kuelekea magotini pake," aliandika. "Uliza nani analima hapo. Mimi sijui, labda nakosea." Kisha akaandika aya ambayo niliisoma kwa shida.

"Kuna jambo jingine, usinikasirikie. Kwa mwaka mzima barua zako zimesahau kusema kwamba hujui. Nimezitoa zote nikazisoma upya. Zamani ulikuwa unaniachia maswali mengi nikawa natembea nayo msimu mzima wa baridi. Sasa una uhakika wa kila kitu. Nimeogopa. Nimedhani unaumwa na mtu anakuandikia, au umezeeka kwa namna ambayo mimi bado. Kama bado upo, niandikie."

Nilikunja karatasi. Nikamweleza yote, bila ile karatasi yangu niliyoipiga pasi, na yalitoka yamejikunja. Kinoo, picha, "hakuna shaka," na mwaka mzima wa "sijui."

"Umefuta ngapi?" akauliza.

"Sijui, mzee."

"Hiyo angalau hukuifuta."

Sikujua kama ni mzaha. Aliinuka, akapapasa mpaka uani, akaanza kumwagilia mboga zake ambazo zilikuwa zimemwagiliwa asubuhi. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi mlangoni alisema, "Mtu alinitunzia urafiki kwa barua miaka yote hiyo, na wewe umemfanya alale akiogopa kwamba nimekufa nikiwa hai. Nenda nyumbani. Uje Jumamosi."

Hakupaza sauti. Siku nne zile nilikula kwa kulazimishwa na bosi wangu, na nilikosea kadi ya harusi ya watu, nikaweka jina la bwana harusi mahali pa ukumbi.

Jumamosi nilikuta chai imeshawekwa, vikombe viwili.

"Kaa," akasema. "Nilikuwa nimekasirika sana. Bado kidogo. Unajua sisi wawili tumekuwa tukiandikiana nini? Tunayoyajua yamo vitabuni, yeye anavyo na mimi ninavyo. Barua ni kwa yale mengine." Akanywa. "Leo utaandika yako. Kwa jina lako."

Nilijaribu. Nikararua. Nikajaribu. Kila nilipofikia neno "nilidanganya" nililibadilisha likawa "nilirekebisha," halafu nikalirudisha. Mzee alikuwa akisikiliza karatasi zinavyochanika.

"Ngapi hizo?"

"Ya tisa, mzee."

"Nipe ya kwanza."

"Ya kwanza ina makosa na nimekata maneno."

"Ndiyo hiyo."

Niliitoa kwenye kikapu, nikainyoosha kwa kiganja. Ilikwenda vilevile na mikunjo yake, kwa mwandiko wa mkono. Sijawahi kutuma kitu kama hicho maishani.

Lakini yeye alitaka kuongeza aya yake kuhusu jiwe. "Mpigie bibi yako," akasema. "Weka sauti kubwa."

Bibi alipokea akiwa shambani, upepo unasikika.

"Kamwene," mzee akamsalimu kwa Kihehe chake cha kazini. "Na shikamoo, kama umenizidi umri."

"Nani kamzidi mwenzake hatujui bado, hiyo shikamoo iweke mfukoni kwanza," bibi akajibu. "Wewe ndiye yule wa mawe?"

"Ndiye mimi. Mjukuu wako alidhani jiwe lenu limekwaruzwa na barafu. Nataka kuuliza, mama. Hilo jiwe la kunolea mlianza kulitumia lini?"

"Nilipoolewa nililikuta limeshaingia katikati. Mama mkwe naye alisema alilikuta hivyo."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake sijui. Waliojua wamelala pale juu ya kilima, njoo uwaulize. Na kwenu Mbeya majembe yananolewa na barafu?"

Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu barua ile. "Andika hivyo hivyo," akaniambia. "Na ile 'sijui' ya bibi yako uiweke."

Tuliposti kabla ya Krismasi. Mvua zikaja, Loleza ikapotea kwenye mawingu, Januari ikapita bila jibu. Kila Jumanne mzee aliuliza kama nimepitia posta, na kila Jumanne nilikuwa nimepita mara mbili. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba barua ya mwisho aliyoipata mtu yule kutoka kwa rafiki yake ilikuwa ni ile ya "hakuna shaka," na kwamba nitaishi na hilo.

Jibu lilifika mwezi wa pili. Mwandiko ulikuwa umelegea, mistari imeteremka kulia kama ya mzee. Sikupitisha macho kwanza. Nilisoma nikienda, nikikwama nilikwama.

Aliandika kwamba amecheka, ingawa daktari amemkataza kucheka sana. Alinishukuru kwa barua yenye maneno yaliyokatwa. Alisema aliyasoma pia yaliyokatwa. Kisha akaeleza kuwa kwenye kijiji alichozaliwa kuna mwamba ufukweni mwa ziwa, una mikwaruzo ya barafu iliyonyooka, na juu yake, ikiikata, kuna mikwaruzo mingine ambayo babu yake aliichora akinoa shoka. Ameupima mwamba ule tangu ujana, na kila mara aliiacha ile ya shoka, akaiona ni uchafu. "Babu alianza kunolea hapo lini, sijui," aliandika. "Sijui hata kama ni yeye aliyeanza. Theluji ikiyeyuka nimemwomba binti yangu anipeleke nikaipime. Sijui kama nitafika."

Nikaishusha karatasi. Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Imekwisha?" mzee akauliza.

"Imekwisha."

"Amesema sijui mara ngapi?"

Nikahesabu kwa kidole. "Tatu."

"Zote umezisoma?"

"Zote, mzee."

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Hakuweza kuiona, lakini aliishika kwa mikono yote miwili, akapitisha kidole gumba juu ya wino polepole, kuelekea upande mmoja, kisha akaurudia tena mstari uleule.

"Basi ni yeye," akasema.